Mitufaa Iliyonyolewa

Dumu lilikuwa tupu, lakini nilipong'oa gunzi lililoziba mdomo wake harufu ilitoka yote kwa mara moja, kana kwamba ilikuwa imekaa humo ikisubiri mtu afungue mlango. Harufu ya tufaa lililoanguka juzi likalala kwenye nyasi mbichi. Kuna utamu ndani yake, kuna uchachu, na chini kabisa kuna kitu kama mkate ulioumuka. Nilikuwa peke yangu kwenye stoo ya Bibi, Kilolo, siku chache baada ya kumzika, nimetumwa kutoa vyombo vya kugawia ndugu. Nilikuwa nimenyolewa jana yake na kichwa bado kilikuwa kinaishangaa baridi. Nikakaa juu ya gunia la mahindi, dumu mapajani, pua kwenye mdomo wake, na kazi niliyotumwa ikaishia hapo.

Mliokulia huku juu mnaujua ulanzi. Mnajua mvua zikianza mianzi inakatwa ncha na watu wanakinga maji yake asubuhi na jioni, na kuanzia hapo kijiji kizima kinakuwa na furaha isiyoelezeka. Nyumbani tulikuwa na chetu kingine. Baba alikiita saida, jina alilolitoa misheni alikofanya kazi ya bustani akiwa kijana, kabla hajaondoka na miche kumi na moja ya mitufaa aliyoiunga kwa mikono yake na kuipanda kwenye mteremko chini ya nyumba. Majirani walikiita ulanzi wa maepo. Bibi, mama yake baba, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na hakunywa pombe, kwa hiyo alikiita maji ya matufaa. Kwa jina hilo aliweza kuonja kila chombo kilipofunguliwa, kisha akaonja tena kuhakikisha kwamba hakukosea mara ya kwanza.

Matufaa yetu hayakuwa yale mekundu yanayong'aa, yaliyobandikwa stika, ambayo siku hizi yanapangwa kwenye meza za soko la Mwanjelwa mjini Mbeya na hayanuki kitu. Yalikuwa madogo, ya kijani, yenye shavu moja jekundu upande wa jua, magumu kiasi kwamba ulisikia mwenzako anakula ukiwa nyumba ya pili. Mazuri aliyachukua Mama Neema, jirani yetu, akaenda kuyauza Ilula kwenye madirisha ya mabasi, katikati ya nyanya na vitunguu vya wenzake. Yenye makovu aliyatupia macho tu.

"Abiria ananunua kwa macho," alimwambia Bibi. "Haya yenye ndui nani atayataka?"

"Ni matamu kuliko hayo uliyochagua."

"Sasa dirisha la basi lina ulimi? Yanywe wewe, mama wa kanisa. Si una gesi tumboni inayotaka dawa?"

"Ninayo," Bibi alijibu bila aibu. "Tena leo imezidi."

Yenye makovu ndiyo yaliyokuwa saida. Tuliyaosha, tukayakatakata, tukayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa uji wa rangi ya kahawia. Uji huo uliingia kwenye kiroba safi, juu yake tukaweka mawe matatu ya mtoni, na juisi ikatiririka beseni zima, nyigu wakizunguka kama wageni waliochelewa. Baba aliijaza kwenye dumu, akachonga gunzi la kuzibia, akalitoboa katikati, akapitisha mpira mwembamba, akaziba pembeni kwa nta ya mshumaa. Ncha ya pili ya mpira aliizamisha kwenye chupa ya maji. Baada ya siku mbili dumu lilianza kuongea. Gu, lilisema. Kimya. Gu. Kila gu lilikuwa povu moja lililopanda ndani ya chupa na kupasuka juu.

Mpira ule ulikuwa wa dripu. Baba aliuomba kwa nesi wa zahanati, akauchemsha mara tatu. Mimi sikujua kwamba duniani kuna mipira mingi ya namna hiyo. Kwa hiyo baba alipougua, na nikapelekwa hospitali nikamkuta kalala na mpira mkononi, niliamini kwamba wameuchukua wa kwetu na kumfungia yeye, ili naye achemke apate nguvu kama saida. Niliona ni jambo la busara. Kulikuwa na kijichupa ambamo matone yalidondoka, nami nikakaa chini kando ya kitanda nikiyahesabu kama nilivyozoea kuhesabu mapovu. Siku matone yaliposimama, nesi alikuja akaufunga mpira, na Bibi akajiziba mdomo kwa kanga.

Niliuliza, nikaambiwa baba amelala. Niliuliza tena, shangazi akasema amesafiri. Kisha wakamleta nyumbani ndani ya sanduku, wakamzika mwanzo wa mitufaa, pale ambapo mteremko unaanza. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza. Nilikuwa nimegundua kwamba swali la mtoto huwafanya watu wazima waseme uongo, tena uongo unaowatesa, na niliwaonea huruma.

Matanga yalipoanuliwa, shangazi alitukalisha kwenye mkeka uani, mama, Bibi na mimi, akatunyoa mmoja baada ya mwingine. Nywele zetu zililala pamoja kwenye beseni, hazijulikani zipi za nani. Nyembe zilizobaki zikawekwa kwenye kopo juu ya kabati. Nilikuwa darasa la kwanza, na hesabu nilizokuwa nazipenda zilikuwa za kujumlisha. Hii nayo niliijumlisha vizuri: mpira ukinyamaza, mtu amekufa, mtu akifa, waliobaki wananyolewa.

Matufaa hayakujua kwamba aliyeyapanda hayupo, yakaiva kama kawaida. Mama na Bibi waliyatwanga, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Juisi ilipojaa beseni, mama alisimama na kikombe cha sukari mkononi.

"Mama, hivi baba Tusa alikuwa anaweka kiasi gani?"

Bibi alifikiri. "Sijui mwanangu. Alikuwa anachovya kidole, analamba, halafu anatazama juu."

Mama alichovya kidole, akalamba, akatazama juu. Bibi naye akachovya, akalamba, akatazama juu. Wakakaa hivyo, wanawake wawili wenye vichwa vilivyoanza kuota nywele kama ukoga, wanaangalia bati la jiko. Kisha mmoja wao akacheka, sikumbuki yupi, na nilijua kwa mara ya kwanza tangu msiba kwamba kicheko hakikuzikwa na baba.

Mama alikuwa Mnyakyusa, na jina langu, Tusajigwe, alilitoa kwao Tukuyu. Bibi alilikata katikati akabaki na Tusa. Sasa ukoo wa baba ulikaa kikao, watu wazima waliovaa makoti wakamuuliza mama ana mpango gani, na mama akasema ataenda Mbeya, kwa dada yake anayeuza mitumba Mwanjelwa, ajaribu maisha. Mimi ningebaki nisome. Asubuhi ya kuondoka aliniita stoo, tukachuchumaa mbele ya dumu.

"Unasikia?"

"Linaongea."

"Liache liongee. Likinyamaza tu, ujue nimerudi."

Sidhani kama aliwaza sana kabla ya kusema. Mzazi anayeondoka husema chochote ambacho mtoto anaweza kukishika mkononi. Alitoka nje, na Bibi alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa matufaa ya njiani.

"Mama Tusa, hapa ni kwako. Mimi sijakufukuza."

"Najua, mama."

"Sema tena."

"Najua."

Bibi alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na bado akaendelea kuitazama kona.

Nikaanza kazi ya kusikiliza. Kabla ya shule nilisikiliza, nikirudi nilisikiliza, na usiku niliomba mlango wa stoo uachwe wazi. Mwanzoni dumu liliongea haraka kama mtu mwenye habari nyingi. Mvua zikakata, ukungu ukaanza kushuka asubuhi na kukaa mpaka saa nne, maji ya kunawa yakauma vidole, na dumu likaanza kufikiri kabla ya kusema. Nilifurahi. Kila ukimya mrefu ulikuwa hatua ya mama.

Bibi naye alikuwa na kazi yake. Kila Jumamosi tulipanda kichuguu nyuma ya shule, mahali pekee palipokuwa na mtandao, akaishika simu kwa mikono miwili, akapiga. Sauti ya mwanamke ilijibu kwamba namba hiyo haipatikani. Bibi aliamini kwamba ni binti anayeishi na mama huko mjini, akamwamkia kila wiki kwa heshima zote.

"Kamwene, mwanangu. Niitie mama Tusa. Mwambie ni mama yake wa Kilolo." Akasubiri. Binti akarudia maneno yake. "Mh," Bibi alisema akishuka kichuguu. "Ana majivuno yule."

Lakini kila wiki alishuka polepole zaidi. Siku moja, tukiwa tunapukuchua mahindi, Mama Neema alisema, "Bado mbichi yule mkweo, mama. Mwanjelwa wanaume wamejaa kama viazi. Usishangae."

"Mtoto anasikia."

"Hajui haya."

Niliyajua. Sikuyatilia maanani kwa sababu mimi nilikuwa na dumu, wao walikuwa na simu tu.

Dumu lilinyamaza asubuhi ya baridi kali, nyasi zote zikiwa nyeupe kwa jalidi. Nilikaa mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna gu. Maji ya chupa yalikuwa yametulia kama jicho la mtu anayekutazama. Sikwenda shule. Nilivaa sweta, nikaenda kukaa kwenye kona ya barabara, nikawaona watu wote walioshuka kwenye gari la asubuhi, na la mchana, na la jioni. Siku ya pili nilikaa tena. Siku ya tatu nilikaa, na niliporudi nyumbani nilipita stoo, nikautazama mpira, na nikakumbuka mahali pengine nilipouona ukiwa umetulia hivyo.

Asubuhi ya nne niliamshwa na sauti: pra, pra, pra. Nilitoka uani. Kwenye ukungu, Bibi alikuwa amesimama kwenye mtufaa wa kwanza, ule ulio jirani na kaburi, anauvua majani. Alishika tawi moja kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapita toka shina mpaka ncha, majani yakabaki kiganjani, akayaachia yaanguke. Yalikuwa majani mazima, ya kijani, hayana ugonjwa. Aliimba polepole wimbo uleule ambao kwaya ya akina mama iliuimba tulipomzika baba. Nyuma yake mti ulibaki mifupa mitupu. Kisha akaenda wa pili.

Miaka iliyotangulia kazi hiyo ilifanywa na baba wakati wa likizo, mimi na mama tukiwa Tukuyu kwa wazazi wake. Sikuwahi kuiona. Nilichokiona asubuhi ile ni kwamba Bibi ananyoa miti. Msiba uliokuja safari hii ulikuwa mkubwa mpaka miti inanyolewa. Dumu lilinyamaza, mama hakuja, Bibi ameanza kunyoa, na mimi peke yangu ndiye nisiyeambiwa. Nilijumlisha, jibu likatoka moja.

Sikulia. Nilimwonea huruma Bibi kwamba anatafuta namna ya kuniambia. Nilipanda kwenye kigoda, nikatoa kopo juu ya kabati, nikachukua wembe, nikaenda nyuma ya jiko na kopo la maji na kipande cha sabuni. Nilifanya kama shangazi alivyofanya, kuanzia mbele kwenda nyuma. Nilinyoa upande wa kushoto wote. Upande wa kulia mkono haukufika vizuri, wembe ukateleza, na damu ilishuka mpaka kwenye kola.

Hivyo ndivyo Bibi alivyonikuta, nusu kichwa nimenyoa, nusu nina nywele, nimeshika wembe. Aliachia kikapu.

"Mungu wangu! Nani amekutuma? Uchuro gani huu unatuletea, mzazi wako yu hai unajinyoa!"

"Mama amekufa," nilisema.

Nimewahi kuisimulia hadithi hii kwa marafiki nikasema kwamba hapo Bibi alicheka. Hakucheka. Kwa wiki nyingi alikuwa akipanda kichuguu na kuamkiana na binti asiyemwita mtu, na wazo nililolisema mimi kwa sauti yeye alikuwa amelala nalo muda mrefu. Nilimwona akilijaribu usoni. Kisha akakaa chini kwenye tope, hakuangalia gauni.

"Nani kakwambia?"

"Dumu limenyamaza. Na wewe umeinyoa miti."

Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa alininyanyua, akanipeleka kwenye mtufaa, damu bado inachuruzika, akaweka kiganja changu kwenye tawi tupu. Pale jani lilipong'oka palikuwa na kichomozo kidogo kama chunusi.

"Sikiliza. Mti huu kwao ni kwenye baridi. Huko majani yanaanguka yenyewe, mti unalala, ukiamka unajua mwaka ni mpya. Baba yako alikuwa anasema baridi ya kwetu inabipu tu, haipigi. Mti hauelewi. Unakaa na majani ya zamani unafikiri mwaka ni uleule, hautoi ua wala tunda. Mpaka mtu auambie."

"Anauambiaje?"

"Anauvua. Halafu anausemesha." Bibi aliupigapiga mti kwa kiganja, kama anayemwamsha mtu begani. "Haya. Mwaka umekwisha."

Sikumwamini hata kidogo. Yalikuwa maneno mazuri, na watu wazima walitumia maneno mazuri walipokuwa wanaficha sanduku. Jioni alimalizia nusu ya kichwa iliyobaki, maana haikuwezekana kuniacha vile.

Alfajiri alikwenda kwa Mama Neema. Hakutaka tena kichuguu. Mama Neema, ambaye alikuwa na mdomo lakini pia alikuwa na moyo, alipofika Ilula aliwaambia makondakta wa mabasi yote ya Mbeya aliowauzia matufaa: mtafuteni Mwanjelwa mama Tusa, Mnyakyusa, mrefu, ana mwanya, mwambieni arudi haraka, mtoto wake amejinyoa. Makondakta wakawaambia wapiga debe, wapiga debe wakawaambia wauza mitumba, wauza mitumba wakawaambia mama lishe. Majuma yalipita. Nilirudi shule na kichwa kama yai, nikawaambia wenzangu kwamba mimi sasa ni yatima kamili, nikapewa nafasi ya mbele kwenye mstari wa uji.

Siku moja ya Jumapili tumetoka kanisani, Bibi yuko kwenye mitufaa, nilisikia kilio kinapanda kutoka barabarani. Kilio kikubwa, cha mtu anayetembea nacho. "Mama weee! Mama umeniacha na nani!" Bibi naye alikisikia. Kwetu kilio kikipita hakiachwi kipite peke yake. Alidhani jirani amefiwa, akafunga kanga kiunoni, akaanza kulia hapohapo ili asifike mkavu, akakimbilia barabarani. "Jamaniii! Msiba kwa nani tena!"

Walikutana kwenye kichaka cha matete, kila mmoja analia kwa nguvu zake zote. Mama alikuwa amejifunga kaniki, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alimwona Bibi. Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Unamlilia nani, mama Tusa?" Bibi aliuliza, machozi yakiendelea kushuka kwa mazoea.

"Nakulilia wewe."

"Mimi?"

"Si umekufa."

"Nani kasema?"

"Nimeambiwa mtoto kanyolewa. Hapa si mpo wawili tu? Kama mtoto kanyolewa, amekufa nani?"

Ujumbe wetu, ukipita mikono yote ile, ulikuwa umechakaa ukabaki maneno hayo mawili, mtoto kanyolewa, na mama alikuwa amejumlisha kama nilivyojumlisha mimi. Bibi aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimefika nyuma yake. Nilipita chini ya mkono wake, nikainama, nikashika kidole kikubwa cha mguu wa mama. Kilikuwa cha moto.

"Na wewe umekufa," nilimwambia, ili ajue kwamba nilishaarifiwa.

Mama alikaa chini barabarani. Bibi akakaa. Sijui kama walichokifanya hapo kilikuwa kicheko au kilio, vyote viwili vina pumzi moja, lakini kilidumu mpaka Mama Neema akatokea mbio, sufuria kichwani na sado ya unga kwapani, kama inavyopasa, na nyuma yake wanawake wawili na mizigo ya kuni.

"Poleni jamani. Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti," Bibi alisema akijifuta.

"Hakuna?" Mama Neema alimtazama mama, akamtazama Bibi, akautazama unga. "Na mimi nimeshabeba."

Basi, ikabidi unga upikwe. Wanawake waliinjika sufuria uani, na tukiwa tunasubiri maji yachemke mama alieleza. Alikuwa anaangalia mikono yake. Simu aliibiwa wiki ya kwanza, na namba zote zilikuwa humo. Dada yake alikuwa ameshahamia Tunduma. Yeye akabaki anaosha vyombo kwa mama lishe na kulala kwenye kibanda chake. "Nilisema nikirudi hivi, mikono mitupu, ukoo utasema huyo, kashindwa huko amerudi kula. Na wewe ungesema nini?"

"Mimi nina miti kumi na moja na mikono miwili," Bibi alisema. "Ningesema umechelewa kuvua majani."

Mama aliinua macho. "Sema lile neno ulilosema asubuhi ile naondoka."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Hapa ni kwako."

"Sema tena, mama."

"Hapa ni kwako, na ugali wa watu unaungua. Songa!"

Bibi aliingia stoo, akatoka na dumu kifuani. Lilipong'olewa gunzi, harufu ilipita juu ya moshi wa kuni na kila mtu akageuza shingo. Saida ilikuwa imetulia, ina rangi ya chai nyepesi, wazi mpaka ukaona chini ya kikombe. Hivyo ndivyo inavyokuwa ikishanyamaza. Ukimya wa dumu, Bibi aliniambia akinichovyea kidole, maana yake ni kwamba imeiva. Nililamba. Ilikuwa kavu, chachu, ikavuta mashavu yangu ndani, na bila kufundishwa nilitazama juu.

Niliposhusha macho ndipo nikaiona mitufaa. Siku zote hizo nilikuwa naikwepa. Ile chunusi ilikuwa imepasuka kwenye kila tawi, na mti wa kwanza, ule wa kwenye kaburi, ulikuwa na maua meupe yenye wekundu kidogo pembeni, bila jani hata moja. Nilimtazama Bibi. Alikuwa anaonja mara ya tatu.

Mama hakurudi Mwanjelwa. Walikaa pale, mkwe na mkwe, wakagombania chumvi na kuni na jinsi ya kunilea kwa miaka yote niliyohitaji kulelewa, na hata nilipohamia Mbeya kwa kazi, kila baridi ilipoanza Bibi alinipigia simu, akasema neno moja tu, "Majani," nami nikajua nipande basi. Mwaka huu hakupiga.

"Tusa!" Sauti ilitoka nje, chini ya mteremko. "Unatafuta vyombo au unavifinyanga?"

Niliziba dumu kwa gunzi lake, nikatoka. Mama alikuwa amesimama kwenye mitufaa na kichwa kimenyolewa, kina mvi zinazochungulia, kanga mabegani. Upande huu kuna makaburi mawili sasa. Miti yote kumi na moja ilikuwa bado na majani yake, mazito, ya kijani iliyochoka, hayajui lolote. Ukungu ulikuwa haujainuka.

Tulianza na mti wa kwanza, yeye upande huu, mimi ule. Pra, pra. Majani yalikuwa ya baridi na kikonyo kila kimoja kiligoma kidogo kabla ya kuachia. Vidole vilinuka. Tulipofika juu kabisa, tawi la mwisho likiwa tupu, mama aliweka kiganja kwenye shina kama Bibi alivyokuwa akifanya, akafungua mdomo. Nilisubiri. Akatikisa kichwa, akageuka upande.

"Sema wewe," aliniambia.

Niliupigapiga mti begani, nikauambia mwaka umekwisha.